Hatutoi dawa wala hatuchukui damu: kwa nini tudaiwe mafunzo ya GCP?

"Mimi ni mhadhiri wa sosholojia katika chuo kikuu kimoja magharibi mwa Uganda. Nimeingizwa katika mradi unaofadhiliwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani (NIH), unaohusu akina mama wakimbizi kutoka Kongo walioko kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Tutakuwa na vikundi vya mazungumzo kila wiki kwa wiki nane, na tutapima msongo wa mawazo kabla na baada. Nusu ya akina mama wataanza sasa, nusu watasubiri miezi mitatu. Watapangwa kwa bahati nasibu. Mshirika wetu wa Marekani anataka mimi na wasaidizi wangu wanne tufanye mafunzo ya maadili kwenye mtandao, moduli baada ya moduli. Ninacho cheti cha GCP, yaani kanuni za kuendesha majaribio ya kitabibu, nilichopata miaka mitano iliyopita nikiwa kwenye mradi wa malaria. Hakitoshi? Na kwa nini watu wa sosholojia tufundishwe mambo ya hospitali, wakati hatutoi dawa wala hatuchukui damu? Wasaidizi wangu ni Wakongo, wanazungumza Kiswahili na kusoma Kifaransa. Kiingereza chao ni cha kubabaisha. Mwenzangu ofisini anasema yupo kijana wa kompyuta anayeweza kutujibia maswali yote jioni moja. Je, cheti cha Marekani kitakubaliwa na kamati ya maadili ya utafiti ya hapa? Muda unatubana, na tumeshaanza kuandika majina ya akina mama walio tayari."

Mwalimu, nianze na majibu mafupi, maana mtu aliyebanwa na muda hatulii kusoma mpaka ajue hukumu. Cheti chako cha GCP hakitoshi. Kwa kipimo cha mfadhili wako kimeshapitwa na muda. Mafunzo hayo yanakuhusu hata kama hamtoi kidonge kimoja cha panadol. Cheti cha kozi ya Marekani kwa kawaida hupokelewa na kamati za hapa, ila hakikuondolei safari ya kupita kwenye kamati hizo. Wasaidizi wako lazima wafunzwe, na ipo njia ya kuwafunza kwa lugha wanayoielewa. Kijana wa kompyuta mwacheni na kompyuta zake. Na kazi ya kuandika majina isimame leo hii. Nitaeleza kwa nini.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba tunaita "mafunzo ya maadili" mambo matatu tofauti. La kwanza ni ulinzi wa washiriki: ridhaa, usiri, madhara na manufaa, na nani anabebeshwa mzigo wa utafiti. Haya NIH imeyadai tangu Oktoba 2000 kwa wahusika wakuu wa kila utafiti inaoufadhili unaohusisha binadamu. La pili ni GCP, yaani kanuni za kuendesha jaribio la kitabibu: nani ana ruhusa ya kufanya nini, itifaki (mpango wa utafiti ulioandikwa) inafuatwaje, jambo baya likitokea linaripotiwa kwa nani, karatasi zinatunzwaje. La tatu ni mwenendo wa mtafiti mwenyewe: kutobuni data, kutoiba maandishi ya wengine, jina la nani liingie kwenye makala na la nani lisiingie. Hili la tatu huwabana zaidi wanafunzi walio kwenye ruzuku za kufundisha watafiti, kama zile za D43 zinazopitia Kituo cha Fogarty cha NIH. Kule NIH inataka angalau saa nane za kukaa na kujadiliana, tena yarudiwe kila hatua ya taaluma na isipite miaka minne, na kozi ya mtandaoni peke yake haihesabiki kuwa imetosha. Kwa mradi ulioueleza, la tatu liweke pembeni. Ila siku nyingine mtu akikuuliza kama una cheti cha maadili, mrudishie swali: cha lipi kati ya hayo?

Lipo pia wazo linalozunguka kwenye korido za vyuo vyetu kwamba serikali ya Marekani inalazimisha kozi ya CITI. Hailazimishi. CITI ni programu ya mafunzo iliyoanzishwa mwaka 2000 na vyuo na taasisi za utafiti za huko, Chuo Kikuu cha Miami kikiwa miongoni mwa waanzilishi. Chuo cha mshirika wako ndicho kilichoamua kuitumia, ndicho kinachochagua moduli, kinachoweka alama ya kufaulu na kuamua cheti kidumu miaka mingapi. NIH inataka watu wafunzwe na kumbukumbu ziwepo; haichagui darasa. Faida yake kwako ni kwamba unaweza kujadiliana. Ukikuta umepangiwa kundi la utabibu, lenye habari za vifaa tiba na sampuli za maabara, mwandikie mshirika akuhamishie kundi la sayansi za jamii na tabia. Nimekutana na watu wa fani yako waliomaliza kozi nzima ya utabibu bila kusoma chochote kuhusu majadiliano ya vikundi. Na usitoe hela mfukoni kabla ya kumwomba akuunganishe kwenye usajili wa chuo chake, kwa sababu anayejiandikisha peke yake hutozwa ada.

Sasa turudi kwenye sentensi uliyoipita haraka: nusu ya akina mama wanaanza, nusu wanasubiri, wamepangwa kwa bahati nasibu, na mnapima msongo kabla na baada. NIH ina maswali manne ya kuamua kama utafiti ni jaribio la kitabibu. Je, unahusisha binadamu? Je, watu wamepangiwa mapema jambo la kufanyiwa? Je, lengo ni kuona jambo hilo linawabadilishaje? Je, badiliko linalopimwa linahusu afya, ya mwili au ya tabia na akili? Jibu likiwa ndiyo mara nne, hilo ni jaribio la kitabibu, na dawa haimo kabisa katika maswali hayo. Kwenye mradi wako majibu yote manne ni ndiyo, ingawa kinachogawiwa ni kiti, chai na mtu wa kukusikiliza.

Hapo ndipo GCP inapoingia. Tangu tarehe 1 Januari 2017 NIH inatarajia watafiti na wafanyakazi wa majaribio ya kitabibu inayoyafadhili wawe na mafunzo hayo, na wayahuishe angalau kila baada ya miaka mitatu. Chako kina mitano. Usikitupe, kinaonyesha ulikotoka, lakini kwa jaribio hili ni kama huna. Habari njema ni kwamba siku hizi kuna kozi za GCP zilizoandikwa kwa watu wa sayansi za jamii na tabia, kwa hiyo si lazima urudie sura za kipimo cha dawa na uhifadhi wa chanjo. Muulize pia mshirika kama mradi umeshatambuliwa rasmi kuwa jaribio la kitabibu kwenye nyaraka za ruzuku, kwa sababu ukitambuliwa hivyo unatakiwa kusajiliwa kwenye ClinicalTrials.gov, rejista ya wazi ya majaribio ya huko Marekani, mwisho siku 21 baada ya mshiriki wa kwanza kuandikishwa. Mamlaka ya Dawa ya Taifa hapa kwetu haikuhusu, kwa kuwa hakuna dawa inayojaribiwa. Huo ni mlango mmoja umepungua.

Najua bado unajiuliza mambo haya ya karatasi yana maana gani. Kwa watu wa Uganda mfano uko nyumbani. Jaribio la dawa ya nevirapine, lililoitwa HIVNET 012, lilifanyika hospitali ya Mulago, Kampala, kuanzia mwaka 1997, na matokeo yakatangazwa mwaka 1999: dozi moja kwa mama aliyeshikwa na uchungu na moja kwa mtoto ilipunguza maambukizi ya virusi vya UKIMWI karibu kwa nusu, ikilinganishwa na tiba fupi ya zidovudine. Mwaka 2002 wakaguzi wakakuta kasoro katika utunzaji wa kumbukumbu na namna matukio mabaya yalivyoripotiwa. Ombi lililokuwa limepelekwa kwa wadhibiti wa dawa wa Marekani likaondolewa, magazeti yakapamba moto, na mabishano yakaendelea hadi mwaka 2005, Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipotoa ripoti kwamba matokeo yale yanaaminika. Karibu miaka mitatu ya shaka juu ya dawa iliyokuwa ikiokoa watoto, na chanzo kilikuwa namna mambo yalivyoandikwa. Kwako tukio linaweza kuwa dogo: wiki ya tatu mama anaangua kilio, anatoka, harudi. Aliyefunzwa anajua kwamba hilo linaandikwa siku hiyo hiyo, kuna mtu anapigiwa simu, na kuna mahali mama anapelekwa. Asiyefunzwa anasema, "Mama fulani ameacha," na hadithi inaishia hapo.

Kuhusu kwa nini watu wa sosholojia, nitakuwa wazi: sijawahi kuelewa fahari ya kusema "sisi tunauliza maswali tu." Sindano huumiza kwa dakika moja. Neno likitoka mahali pasipofaa linaweza kumvunjia mtu nyumba au kumhatarisha kwa waliomfukuza kwao. Vikundi vyako vina hatari ambayo mahojiano ya mtu mmoja mmoja hayana. Wewe unaweza kuahidi kutunza siri. Huwezi kuahidi kwa niaba ya wanawake wengine kumi walioketi pale, ambao kesho wanakutana na msimuliaji kwenye foleni ya maji. Fomu ya ridhaa lazima iseme hivyo bila kuzunguka, na anayeongoza kikundi arudie kila wiki, kabla ya chai, si baada ya mtu kuanza kusimulia. Fomu nyingi zinazotufikia kwenye kamati bado zinaandika kwamba "siri zote zitatunzwa", na hiyo ni ahadi ambayo hakuna mtafiti wa vikundi anayeweza kuitimiza.

Halafu kuna suala la Marekani. Umefanya kazi Nakivale, unalijua. Mkimbizi akiona gari, daftari na mshirika mgeni, anasikia harufu ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Ukimwambia mradi unafadhiliwa na Marekani, umempa sababu ya kukubali chochote na kukuza shida zake ili ajaze vigezo. Ridhaa ya namna hiyo imeshaharibika, na data inaharibika pamoja nayo. Kozi za mtandaoni huligusa jambo hili kwa mbali, kwa jina la ushawishi usiofaa, lakini mifano yake huwa ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani wanaopewa alama za ziada, au ya wafungwa wa magereza ya huko. Utasoma, utajibu, utapata alama zako, na bado hutajua umjibu nini mama wa Rubondo, huko huko Nakivale, anayeuliza kama jina lake litapelekwa ubalozini.

Yapo na mengine ambayo kozi ile haitakufundisha, na kamati ya hapa itakuuliza. Katika akina mama wako watakuwemo wasichana wa miaka 16 au 17 wenye watoto. Miongozo ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia (UNCST), toleo la mwaka 2014, inawatambua walio chini ya miaka 18 lakini ni wajawazito, wameolewa, wana mtoto au wanajitafutia riziki wenyewe, kuwa wanaweza kutoa ridhaa yao bila mzazi. Kamati ya Marekani inaweza kushtuka ikiona umri huo, kwa hiyo mwelezeni mshirika mapema ili pande mbili zisije zikadai mambo yanayopingana. Kwa asiyejua kusoma, alama ya kidole gumba inahitaji shahidi asiye na upande, na msaidizi wako hawezi kuwa shahidi huyo. Kuingia makazi ya wakimbizi kunataka ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Na sauti mtakazorekodi ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Kama zitatumwa Marekani kugeuzwa maandishi huko, hilo liwemo kwenye itifaki na kwenye fomu ambayo mama anasomewa.

Wasaidizi ndio hasa walionifanya nikujibu kwa urefu huu. Cheti cha kozi ni kama leseni ya udereva: kinakuruhusu kushika usukani, lakini hakijakuonyesha mashimo ya njia yako. Wanaokutana na mashimo ni hao wanne. Wewe utakuwa ofisini, wao watakuwa wameketi kwenye mkeka na mama. NIH inaposema wafanyakazi wa jaribio, inawajumuisha wanaoratibu, wanaokusanya data na wanaoitunza, kwa hiyo kusema "hawa ni wasaidizi tu" hakutawaondoa.

Njia zipo tatu, na kila moja ina kasoro yake. Ya kwanza ni kuwaketisha kwenye kozi ile ile ya Kiingereza, wewe ukiwatafsiria pembeni. Ni ya haraka na inatoa cheti kizuri, lakini sitaki kukudanganya: mtu anayejibu maswali kwa kukutazama usoni hajajifunza. Ya pili ni kozi ya Kifaransa. TRREE, programu ya mtandaoni ambayo haina malipo, ina moduli za Kifaransa kuhusu maadili ya utafiti na ridhaa, pamoja na cheti. Kwa mtu aliyesomea Bukavu au Goma hiyo ni afadhali mara kumi. Muulize katibu wa kamati yako na mshirika wako kama wanaikubali, na upate jibu kwa maandishi kabla hawajaanza. Ya tatu ni darasa la ana kwa ana kwa Kiswahili, la siku mbili, likiongozwa na mtu mwenye sifa, kwa mfano mjumbe au mwalimu wa kamati ya maadili. NIH inaruhusu GCP ipatikane kwa darasa, mradi ushahidi utunzwe: ratiba, yaliyofundishwa, jina na sifa za mwalimu, saini za waliohudhuria na mtihani mdogo wa mwisho. Kasoro yake ni gharama, na kwamba chuo cha Marekani kinaweza kuwa na msimamo mkali kuliko mfadhili mwenyewe.

Mimi ningefanya ya pili na ya tatu pamoja. Moduli za Kifaransa ziwape msingi na cheti, darasa la Kiswahili liwafundishe GCP na itifaki yenu. Darasani nusu ya muda ningeitumia kwa maigizo. Mmoja awe mama, mwingine msaidizi, na mama aulize yatakayoulizwa kweli. "Ninyi ni watu wa UNHCR?" "Nikikataa, jina langu litatoka kwenye orodha ya chakula?" "Mume wangu akitaka kujua tumezungumza nini?" Msaidizi ajibu bila karatasi. Mtashangaa mtu aliyepata alama nzuri kwenye moduli akikwama kwenye swali la chakula, au akianza kumtisha mama bila kukusudia.

Swali gumu kuliko yote ni hili: "Kwa nini jirani yangu ameanza na mimi nimeambiwa nisubiri? Nimekosa nini?" Hapo msaidizi mwenye roho nzuri ndiye wa kuchungwa. Atasema, "Usijali mama, nitaongea na mwalimu akuingize." Amesema kwa huruma, na kwa sentensi hiyo moja amevunja mpangilio wa bahati nasibu, amefundisha mtaa mzima kwamba kuna mlango wa nyuma, na wale wasiojua kulalamika ndio watakaobaki kusubiri. Mfundisheni aseme ukweli ulivyo: hakuna aliyekosea, majina yalichanganywa na hakuna aliyechagua, na zamu ya wanaosubiri inaanza mwezi fulani. Kisha anyamaze, amwache mama akasirike kidogo kama anataka. Ana haki.

La ridhaa nalo lina zoezi lake. Msaidizi akimaliza kusoma fomu na kuuliza "Umeelewa mama?", jibu litakuwa ndiyo hata kama alikuwa akisoma Kichina, kwa sababu adabu inataka hivyo. Aulize badala yake: "Hebu nieleze kama unavyomweleza dada yako: utakuja kufanya nini, kwa muda gani, na ukichoka katikati utafanyaje?" Mama akisema atapewa mkopo, au atapelekwa Amerika, fomu inarudi mwanzo. Mkumbuke pia kwamba wasaidizi wako ni wakimbizi kama wale wanaowahoji. Wanasali nao, pengine wanatoka kijiji kimoja, na watasikia mambo yanayofanana na yaliyowapata wao. Pangeni nani anamsikiliza msikilizaji. Hili silikuti kwenye itifaki nyingi na huwa nalidai.

Kijana wa kompyuta sasa. Mwalimu, simlaumu mwenzako, moduli zile zinachosha na baadhi ya maswali yake yanapima kumbukumbu kuliko akili. Lakini ripoti ya kozi ina jina lako, tarehe na alama za kila sehemu, na itafungwa kwenye faili la mradi karibu na fomu ambazo unataka watu waamini ziliwekwa saini na wahusika wenyewe. Mkaguzi akimkuta msaidizi asiyejua Kiingereza ana asilimia 95 kwenye kozi ya Kiingereza, hataishia kuuliza habari ya kozi. Atataka kuona fomu za ridhaa, moja baada ya nyingine. Kama tatizo ni muda, moduli zinagawanyika. Fanya mbili kila jioni na utamaliza ndani ya wiki chache.

Kuhusu kukubaliwa hapa: kamati za maadili zilizoidhinishwa na UNCST hutofautiana katika kozi zinazozipokea na umri wa cheti. Wengi hupokea CITI. Usibahatishe, piga simu kwa katibu kabla ya kuwasilisha. Kisichobadilika ni kwamba kibali cha kamati ya Marekani hakichukui nafasi ya kibali cha kamati ya Uganda, na baada ya kamati bado kuna usajili wa UNCST. Mshirika wako anaweza kukuambia kwamba kwao siku hizi utafiti wa vituo vingi hupitia kamati moja. Ni kweli kwa vituo vilivyoko Marekani, Nakivale haimo.

Na majina. Kuandikisha walio tayari ni hatua ya utafiti, na inafanyika baada ya vibali. Mlichofanya mmekifanya kwa nia ya kuokoa muda, naelewa, lakini sasa kuna daftari lenye majina ya wanawake wakimbizi waliosema wana msongo, ambalo hakuna kamati inayojua lipo. Simamisheni. Msilitumie na msilichane. Lifungieni kabatini, kisha mwandikieni mwenyekiti wa kamati barua fupi ya kweli: tulianza lini, tumeandika akina mama wangapi, tuliwaambia nini. Mjulishe mshirika siku hiyo hiyo. Kamati itaamua kama orodha itatumika, itaharibiwa au wahusika wataelezwa upya. Jambo kama hili likiletwa na mtafiti mwenyewe kwa kawaida huisha kwa masharti machache. Likigunduliwa na mkaguzi, huwa refu.

Kwa hiyo usiendelee na mambo haya kwa barua pepe peke yake. Nenda ana kwa ana kwenye ofisi ya kamati, na uombe kuonana na katibu kabla ya kuwasilisha. Kamati nyingi hufurahia hilo, hupunguza marudio. Beba itifaki, fomu ya ridhaa ya Kiswahili pamoja na ya Kiingereza, vyeti ulivyonavyo, na barua ya mfadhili inayoonyesha kama mradi umeitwa jaribio la kitabibu. Uliza habari ya wale wasichana wenye watoto, uliza kuhusu darasa la Kiswahili. Na kabla ya hapo pita kwenye kituo cha afya cha makazi umjue mhudumu wa afya ya akili kwa jina na kwa namba ya simu, kwa sababu mama akisema anataka kujidhuru saa kumi jioni, msaidizi wako atahitaji mtu wa kumpigia, na kamati itataka kuona jina hilo kwenye itifaki.